Mwavuli Wenye Mwanya

Aibu hii nilitaka nizikwe nayo, lakini mke wangu anaisimulia kila harusi na kuitia chumvi, kwa hivyo heri niiseme mwenyewe.

Nilikuwa nimejiunga na darasa la sanaa hapa ughaibuni, mtaa wa Kings Heath (mimi, mtu wa kazi ya kutunza wazee!), na mwalimu akatuambia Wajapani wa zamani waliamini chombo kikizeeka sana kinapata roho, na kikitupwa ovyo kinarudi kusumbua watu, hata mwavuli unaota jicho moja. Basi nikashikwa na hadithi hiyo. Kila kilichopotea barabarani naokota, glavu, funguo, kiatu cha mguu mmoja, mpaka jioni moja kwenye kituo cha basi karibu na kwetu nikaokota meno bandia ya juu, tena yana mwanya katikati, mwanya mzuri kama wa mke wangu. Nikayaosha kwa maji moto (usinikunjie uso), na huko huko darasani nikayabandika kwenye mwavuli mbovu kwa gundi ile kali ya vyuma, nikauchorea jicho, nikaupaka midomo myekundu.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Nyeri, na tangu nimuoe bintiye sikuwahi kumuona akinikubali, ndiyo nilikuwa najipendekeza kama nini. Ghafla akabadilika. Anajifunika mdomo kwa leso, anakunywa uji tu, haongei. Mke wangu akaambiwa ni jino linauma, mimi nikajua nimemkosea. Kumuuliza? Kwetu mtu haulizi mama mkwe habari za mdomoni.

Siku ya maonyesho ya darasa letu nikamleta pamoja na watu wa fellowship ya kanisani, nikamkalisha mbele, nikaanza kutamba kwamba wenye vitu hivi walishavisahau na mimi ndiye nimevipa heshima, watu wanapiga picha, kichwa kikanivimba, nikasema, "Na muone huo mwanya, ungedhani ni wa mama watoto."

Mke wangu akaacha kucheka. Akautazama mwavuli, akamgeukia mamake. Mama mkwe akashusha leso, ufizi mtupu, mbele ya kanisa zima.

"Baba Wanja, nipe meno yangu."

Nikaurukia mwavuli. Nikavuta, hayatoki. Nikavuta tena, mwavuli ukafunguka ukampiga pasta kifuani. Ikabidi tupande basi hivyo hivyo hadi kwa fundi wa meno mtaa wa Sparkhill, mama mkwe amekaa dirishani na mwavuli na lile jicho lake mapajani, mimi nimesimama, sijui pa kuangalia. Ndipo akaniambia polepole kwamba alipiga chafya pale kituoni, meno yakaruka, giza lilikuwa limeingia asiyaone, akaona haya kusema mkwe asije akamuona kibogoyo. Yaani mama wa watu amelala njaa nyumbani kwangu, kwa heshima yake na yangu. Machozi yalinitoka ndani ya basi.

Fundi aliyatoa, ila rangi ya ile midomo ilikataa kutoka kwenye jino moja. Siku hizi akipiga simu ya video kutoka Nyeri ananichekea kwanza, jino jekundu mbele, kabla hata ya salamu. Nami nimeapa: nikiokota kitu, hata kifungo, naanza kuulizia mezani kwangu, na mgeni akinywa uji tu hadi siku ya pili namuuliza, awe mkwe asiwe mkwe.