Panga Lililokataa Kuzunguka Majini

Mwanyumba wangu ni mtu mwema, na kwa miezi miwili nilimchukia kwa moyo wangu wote. Yeye kamwoa mdogo wa mke wangu, mwenyewe ni Mkenya, nesi, anakaa Roseville, huku huku ughaibuni. Mimi nilikuwa Saint Louis Park, nusu saa kwa gari kutoka kwake, kwenye fleti ya vyumba viwili. Majira ya baridi yale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulianza kujenga boti za mbao za kuendesha kwa rimoti, kila mtu kwake, urefu wa mkono, mota ya betri ndani na panga moja la kusukuma maji nyuma.

Mwezi wa sita baba mkwe akaja kutoka Mwanza kututembelea. Maisha yake yote alikuwa fundi wa injini za meli. Nikajiambia kwamba kabla hajaondoka ataiona boti yangu ikikata maji, na atasema neno moja tu la kuisifu. Sikutaka kingine.

Shida ilikuwa shafti, ule mhimili unaounganisha mota na panga. Mezani ilizunguka vizuri, panga likivuma. Nikiitia boti majini inakwenda hatua kumi, inanguruma, panga linakaba, mota inanyamaza. Kila mara nilikunja suruali nikaingia kwenye bwawa la karibu kuifuata, mtu mzima mwenye kazi ya ofisini Plymouth, bata wakinikodolea macho. Nilibadilisha beringi. Nilipaka grisi mpaka nyumba nzima ikanuka. Nilinyanyua mota kwa vipande vya bati ili iwe sawa na bomba ambamo shafti inapita. Wapi.

Muda wote huo fundi wa meli alikuwa sebuleni kwangu, akitazama televisheni ambayo haelewi nusu ya inachosema. Nilimwamkia, nikampa chai, nikaenda kujifungia stoo na boti yangu, au bafuni, nilikokuwa naijaribu kwenye beseni la kuogea. Nilivyolelewa mimi, mkwe hampi kazi baba mkwe. Humwonyeshi mikono michafu, na wala humpi bisibisi kama kibarua. Ningeanzia wapi?

Mwanyumba wangu hakulelewa hivyo. Jumapili ya kwanza kabisa, walipokuja kwangu, chai haijapoa, akasema, "Mzee, hebu kuja kwangu uni-check-ie hii shaft. Inanisumbua vibaya sana."

Nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake. Mke wangu aliangalia zulia. Lakini mzee alikuwa ameshasimama, anatafuta miwani.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi Roseville. Kisha na Jumatano. Anarudi ana grisi kwenye kucha, anaimba puani, anakula wali sahani mbili. Kwangu alikuwa anakula moja. Niliona wivu, sina jina jingine la kukiita kitu kile. Nilihesabu siku anazolala kule na anazolala kwangu.

"Baba yako amehamia Roseville?" nilimuuliza mke wangu.

"Si umwombe na wewe akusaidie?"

"Mimi siwezi kumtuma baba mkwe."

"Basi nyamaza," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Mwezi wa saba tulikutana bwawani. Boti ya mwanyumba ilivuka ng'ambo na kurudi, imenyooka, na mzee alipiga makofi. Ilipotolewa majini niliinama kuichunguza kama askari wa forodha. Kati ya panga na mdomo wa bomba palikuwa na mwanya. Kazi ya ovyo hii, nilisema moyoni, nikafurahi kweli. Nikarudi nyumbani nikalisukuma panga langu hadi likagusana na bomba, hata karatasi haipiti. Siku ya pili boti ilikaba baada ya hatua tano.

Wiki ya mwisho, Ijumaa, nimetoka kazini, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya beseni na boti imenikwamia tena. Safari hii nilisahau kufunga mlango. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Nilisimama haraka, mikono mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akaitazama boti. Halafu yakanitoka yenyewe. "Baba, naomba unitazamie."

Sijamaliza, alikuwa ameshapiga magoti. Alilishika panga kwa taulo lisizunguke. "Zungusha mota kwa mkono. Taratibu." Shafti ile ilikuwa waya wa chuma uliosokotwa. Nilipozungusha, waya ulijikaza, ukafupika, ukalivuta panga likang'ang'ania mdomo wa bomba.

"Mezani haina mzigo," alisema. "Majini waya unajikaza. Uachie nafasi." Alitoa mfukoni kadi ya simu iliyokwisha, akaipenyeza kati ya panga na bomba, akakaza skrubu, akaichomoa. Nikawasha, boti ikasukuma ukuta wa beseni kwa nguvu, ikatulowesha wote wawili.

"Umejua lini, baba?"

"Wiki ya kwanza. Nilikuwa nausikia mlio wake kutoka sebuleni. Nikasema, huyu kalibana panga."

"Mbona hukuniambia?"

Alifuta vidole, kimoja kimoja. "Ulikuwa unafunga mlango. Nikajua hutaki nikae karibu. Kule nilikuwa naitwa."

"Hapana, baba. Ilikuwa heshima."

"Heshima naijua," alisema. "Nimekaa nayo kwenye kochi miezi miwili."

Ndege yake ilikuwa Jumapili. Nilimwomba Jumamosi twende bwawani, mimi na yeye tu. Alinitazama kwa huruma, akasema ameshamwahidi mwanyumba wangu. Nikampeleka Roseville mwenyewe, asubuhi, boti yangu ikiwa kwenye buti ya gari, na sikuitoa.