Dumu Langu Kwenye Harusi ya Makanyagio

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wifi yangu Konsolata, maana akiisimulia yeye, mimi ni mchawi.

Tangu nimzae Neema miguu ilikuwa inavimba na presha haishuki, daktari akasema figo zimeshaharibika, sasa anataka kujua zinachuja kiasi gani ili akadirie kama zitakuja kufa kabisa au zitanifikisha mbali, kwa hiyo nikusanye mkojo wote wa mchana na usiku, tone lisipotee. Baba Neema yuko machimboni. Nikachukua dumu tulilonunulia asali Sitalike (ndilo pekee lenye mfuniko usiovuja, msinicheke), nikaanza alfajiri.

Siku hiyohiyo mdogo wake Konsolata anaolewa Makanyagio. Nisipokwenda, naringa. Nikaenda, mtoto mgongoni, dumu kwenye kikapu chini ya kanga, maana nikibanwa hukohuko nifanyeje?

Kwetu mgeni haachwi na mzigo mkononi. Salamu hazijaisha, Konsolata kashanipokea kikapu, kashafunua. "Wifi! Kumbe na wewe una moyo! Asali!" Nikafungua mdomo, vigelegele vikanizima, Neema naye akaanza kulia. Nikaona nimnyonyeshe kwanza, halafu nikalichukue kimyakimya. Ujinga wangu ndio huo.

Bado nanyonyesha, namsikia msema chochote kwenye kipaza sauti: "Mke wa kaka katoa dumu zima!" Makofi. Konsolata akafungua amwonjeshe bibi harusi, akanusa.

"Mkojo! Katuletea mkojo harusini!"

"Ni wa hospitali!" nikapiga kelele, titi nje. "Konso, usimwage, ni wa kipimo!"

Akaumwaga wote kwenye migomba, watu wanacheka, wengine wanakemea mapepo, mimi nimesimama naangalia udongo unavyounywa. Ndugu wote wale wa mume wangu, waliokula ugali wangu, hakuna hata mmoja aliyeuliza: kipimo cha nini?

Nikarudi nyumbani Kawajense kwa miguu na dumu tupu. Nikamlaza Neema, nikabaki namwangalia, najiuliza atakuwa mkubwa kiasi gani siku figo zangu zikigoma.

Asubuhi nikaanza upya, mlango nimefunga kwa ndani. Na nimeapa: safari nyingine dumu nitaliandika MKOJO kwa mkaa, herufi kubwa, na anayetaka kunipokea mzigo aanze kwa kuniuliza ninaumwa nini.