Nilishiba botini, nikafika ukweni Kilwa kuku mzima ananisubiri

Wakuu, salamu kwenu, wa bara na visiwani, na sisi wa Lubumbashi tunaosoma humu kimya kimya.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Kwa umri wangu nusu yenu mngeniita babu, sina sababu ya kutunga.

Nimesoma mnavyobishana kuhusu safari za cruise. Ule dinner ya melini ambayo iko kwenye tiketi, au ushuke bandarini? Ukae mezani au utoke nje uone mandhari?

Swali hilo nusura linikoseshe mke.

Ilikuwa wakati wa sécession ya Katanga, jimbo letu lilipojitenga na Kongo. Lubumbashi bado ikiitwa Elisabethville. Nilikuwa karani kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa samaki, katikati ya mji.

Wazazi wangu walitoka Kasai, mimi nimezaliwa hapa hapa. Miaka ile kuwa mtu wa Kasai mjini kwetu haikuwa sifa. Majirani waliokuwa wanatuazima chumvi waliacha hata kutusalimia. Iliniuma, na sitaki kuipamba.

Mchumba wangu Georgette alikuwa anasoma kwa masista mjini. Risasi zilipoanza, baba yake akaja kumchukua, akamrudisha kwao Kilwa.

(Watanzania tulieni, si Kilwa yenu. Hii ni ya kwetu, kwenye ziwa Moero, mpakani na Zambia ya leo.)

Miezi minane sikumwona. Kisha baba yake akaniandikia: njoo tukuone, jibu la posa nitalitoa nikishakuona.

Patron wangu, yule mwenye duka, alifurahi kuliko mimi. Akanipa zawadi, tiketi ya boti yake. Unapanda Kasenga, unashuka na mto Luapula, unaingia ziwani, Kilwa, unaenda mpaka Pweto, unarudi. Chakula chote ni humo humo.

Pale Kilwa boti ilikuwa inasimama saa mbili tu. Nikajiambia saa mbili zinatosha kusalimia wakwe, siku zinazobaki nastarehe kama bwana mkubwa. Akili za ujana hizo.

Sasa wakuu, ile boti ilikuwa na chumba cha kulia. Meza tano, vitambaa vyeupe, na mhudumu aliyevaa glavu.

Nisiwafiche: miaka michache nyuma mtu mweusi hakukaa kwenye meza kama ile. Aliifuta. Kwa hiyo nilipokaa, sikutaka tena kuinuka. Nilikula kila kilicholetwa. Asubuhi, mchana, jioni.

Abiria wenzangu wako nje wanapiga kelele, "Angalieni viboko!" Mimi napaka siagi.

Tulipotoka mtoni kuingia ziwani, nasikia maji yalifunguka ghafla mbele yetu. Nasikia tu, maana wakati huo nilikuwa naomba viazi vingine.

Siku ya pili alasiri honi ikalia. Kilwa. Na kengele ya chakula nayo ikalia hapo hapo, kwa sababu mpishi hakupenda kuwasha taa na kuita wadudu.

Yule mhudumu alikuwa na akili kunizidi. Akaniinamia, "Bwana karani, shuka tu. Mi nitakubekea chakula pembeni."

Nikamuuliza, "Dessert iko?"

"Iko. Crème caramel."

Nikabaki.

Georgette alikuwa amesimama gatini tangu saa sita mchana. Mimi nakunywa supu, mgongo nimeupa dirisha. Mpaka leo hajanisamehe ile supu.

Niliposhuka, dakika arobaini zilikuwa zimekwisha na mkanda wa suruali nimeulegeza tundu mbili. Georgette akanigeuzia mgongo. Akatangulia, nikamfuata.

Nyumbani baba yake akanipokea vizuri. Mtu wa maneno machache. Mama mkwe sikumwona, kwa sababu kwao mama mkwe haonani uso kwa uso na mkwe kabla mambo hayajakamilika. Alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, anasikia kila kitu.

Ikaja bukari, ndiyo ugali wenu. Na kuku mzima, firigisi juu.

Kuku mzima kwa mgeni mmoja maana yake ni kwamba wameshaanza kukutazama kama mtoto wao. Kazi yako ni kula, na ule wakuone.

Tonge la kwanza likashuka. La pili likakwama. Jasho likanitoka. Nikanawa mikono.

Kisha sauti ya mama kutoka nyuma ya ukuta:

"Papa Georgette, uliza mugeni. Iko anaogopa sumu?"

Wakuu, siku zile huo haukuwa utani. Watu wa Kasai na watu wa Katanga walikuwa wameacha kula majumbani mwa wenzao. Kunawa mikono mbele ya kuku yule kulikuwa kuwaambia wazi kwamba nawaona wauaji.

Georgette alikuwa mlangoni. Alivyonitazama, niliona nimeshampoteza.

Nilikuwa na uongo tayari, malaria. Nikafungua mdomo, ukatoka ukweli.

"Papa, sumu hapana. Nilikula mu bateau. Supu, samaki, na kintu ya sukari. Georgette alikuwa ananingojea, na mi nilikuwa nakula."

"Ulikula na unajua unakuja kwetu?"

"Ndiyo, njo vile, Papa. Ni bujinga."

Hakucheka. Na hapo honi ya boti ikalia. Askari walitaka bandari iwe tupu kabla ya jua kuzama. Akasimama.

"Bateau yako inaita. Enda. Jibu nitaandika."

Barua hiyo nilishaijua itasema nini.

Sanduku langu lilikuwa botini, na suti yangu mpya, na dinner za siku zote zilizobaki. Nikabaki kwenye kiti.

"Iende, Papa. Mi nabakia mpaka njaa irudi. Na musinipikie kuku ingine. Nitakula hii hii."

Honi ya pili. Ya tatu. Kisha tukasikia injini ikienda mbali. Niliogopa sana, na nilifurahi sana, vyote kwa pamoja.

Wa kwanza kucheka ni Georgette. Nyuma ya ukuta mama akasema, "Basi, mufunike ile sahani."

Kabla giza halijaingia, mzee akanipeleka ufukweni. Nilikuwa nimevaa kaptula yake, inanifika chini ya magoti. Ndipo nikaliona ziwa. Maji hayakuwa na ng'ambo, na wavuvi walikuwa wanarudi wakiitana kwa majina. Nilikuwa nimepita juu ya maji hayo nusu siku nzima bila kuyatazama. Nilijionea aibu.

Asubuhi niliamka na njaa ya kweli. Kuku akapashwa moto na nyanya na kitunguu. Nikaanza na firigisi, nikaenda mpaka mwisho.

Nyuma ya ukuta: "Amebakisha nini?"

Mzee akachungulia sahani. "Mifupa."

Mama akajibu kutoka jikoni:

"Basi umuambie alete bazazi yake."

Wazazi wangu walikuja, wakuu, na barabara zote zile za vizuizi. Wakala pale, kwenye meza ile ile ya yule kuku, watu wa Kasai na watu wa ziwa, wakati nchi nzima inatuambia haiwezekani. Nikikumbuka natokwa na machozi mpaka leo.

Nilichojifunza: chakula cha chomboni si amri kwa sababu kiko kwenye tiketi. Kula nusu, kaa upande unaoona nje, na kama bandarini kuna mtu anakusubiri, shuka wa kwanza.

Haya, nanyi semeni. Nani mwingine humu aliwahi kuacha chombo kiondoke kwa hiari yake, na ilikuwaje? Wekeni hapa, nitasoma yote, miwani ninayo.