Mvua katika Mchezo wa Tatiana

Watu wa Kolwezi, mji wa migodi kule Kongo, wakikupenda watakuambia, na wakikukasirikia watakuambia mbele za watu. Tatiana Bilonda alilijua hilo tangu alipotoa mchezo wake wa simu, Shimo, aliouunda peke yake katika kibanda chake cha kutengeneza simu pale soko la Manika. Wachezaji wawili wanagombania kilima cha shaba. Kila mmoja ana wachimbaji, walinzi na malori. Mara jua, mara mvua, na atakayetoa madini mengi ndiye bingwa.

Kuunda mchezo si kitu. Kazi ni kuuzuia usielemee upande mmoja. Mwanzoni aliyaongezea malori nguvu kwa mkupuo, na punde hakuna aliyechagua kingine. Shimo likageuka foleni ya malori, kana kwamba ile ya barabarani haitutoshi. Tangu hapo alibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, tena kidogo, kama mpishi wa bukari: anatia unga, anakoroga, anaangalia kwanza.

Basi wachezaji wa Kolwezi wakashindana na wenzao wa mji wa Lubudi, wakachapwa vibaya. Walimjia kibandani wamevimba, mbele yao Stanislas, bingwa wa mtaa, aliyewahi kuchimba kwa mikono yake.

"Mama Tatiana, ba Lubudi banatupiga juu ya bacreuseur tu. Ubapunguzie nguvu. Kama hapana, siye tunaenda ku jeu ingine."

Haikuwa kelele tupu. Stanislas na wenzake wakiondoka, Shimo limekufa. Na kuwapunguzia wachimbaji nguvu ni kazi ya dakika moja, lakini Tatiana hakukubali kugusa asichokiona. Akawaambia wacheze tena na Lubudi kwa mtandao, mbele yake.

Wingu lilipotokea kwenye kioo, Stanislas akawatoa wachimbaji wake wote shimoni. Wenzake nao vilevile, bila kuambiana. Lubudi, watoto wa wakulima, mvua kwao ni baraka. Waliwaacha wachimbaji wao wachimbe tu, wakawapita kwa madini.

"Juu ya nini unabatosha, tata?" Tatiana akamuuliza sababu ya kuwatoa.

"Mvua, mama. Udongo inaanguka."

"Lakini ni mu telefone."

"Najua. Mi siwezi."

Akainamisha kichwa. Soko zima lilijua kwamba mdogo wake, Lucien, alifukiwa na udongo siku ya mvua.

Tatiana aliona haya. Wachimbaji hawakuwa na kosa. Mvua yake ndiyo ilikuwa ya uongo: ilinyesha bila kumdhuru mtu. Na mtoto wa Kolwezi ndiye aliyeiunda!

Wenzake Stanislas walitaka shimo liporomoke lote papo hapo. Tatiana akakataa. Kwanza aliifanya mvua ipunguze mwendo wa kuchimba kidogo, akangoja. Kisha akaacha ukingo ubomoke mara mojamoja, akangoja tena. "Mama, unatembea sawa kinyonga!" walimtania. Lubudi walinung'unika, wakazoea, na hakuna aliyeuacha mchezo. Siku za jua wachimbaji walibaki na nguvu zao zilezile.

Marudiano yalifanyika katika ukumbi wa parokia, Kolwezi. Fainali ikawakutanisha Stanislas na Nkulu, kijana wa Lubudi ambaye hajawahi kukanyaga mgodini. Nkulu alikuwa anaongoza wingu lilipojitokeza. Akaruka kutoka kitini, akaipigia simu yake kelele:

"Tokeni! Batoto, tokeni, mvua inakuya!"

Watu wakacheka. Tatiana, aliyesimama nyuma, aliona fahari hadi machozi yakamlengalenga. Mabadiliko yake madogomadogo, yale ya kinyonga, yalikuwa yamefika Lubudi.

Nkulu alishinda, kwa tofauti ndogo. Watu wa Kolwezi wakamzunguka Stanislas, wakitaka alalamike, aseme mchezo bado haujakaa sawa. Yeye alikuwa anamtazama yule kijana.

"Mumuache," akasema. "Ameshinda, na hakuacha hata mumoja mu shimo."