Jina aliloliimba mama leo

Mnaotaka kupeleka wazazi kwenye tiba ya muziki, someni hii kwanza.

Mama hajaongea tangu apigwe na kiharusi. Leo nimempeleka kwa dada mmoja hapa Mpanda anayetibu kwa muziki.

Akatuambia, "Msitegemee aongee. Anaweza kuimba, ila hatujui kitatoka nini."

Nikaanzisha wimbo aliotubembelezea kule Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, ule unaomtaja mtoto kwa jina lake. Dada akafuatisha na gitaa, taratibu.

Mama akaimba. Kirundi chote, bila kukwama. Mimi machozi tu.

Nikasubiri afike kwenye jina langu, Butoyi. Ndiyo, kwetu Warundi ni jina la pacha wa pili, ila siku zote nimeambiwa nimelirithi tu kwa babu.

Mama akaimba, "Lala Bukuru, nyamaza, nitarudi kukuchukua."

Bukuru ni jina la pacha wa kwanza.

Shangazi, tuliyekuja naye, akasimama. "Mwambie aache kupiga."

Gitaa likanyamaza. Mama hakunyamaza.

Tumesharudi nyumbani Shanwe. Bado anaimba, macho mlangoni. Shangazi kajifungia chumbani.

Nyie mngemgongea mlango?