Maembe Yaliyooshwa Ziwani

Kwa mama yangu, kumpa mgeni tunda lenye vumbi ilikuwa aibu isiyo na mjadala. Hata ndizi aliziosha, tunda ambalo ganda lake haliliwi na mtu. Tulimtania sana, hakujali. Maji yenyewe yalikuwa ya ziwa, tukiyabeba kwa ndoo mpaka nyumbani Kiseke, maana bomba la mtaa lilitoa maji likijisikia.

Miaka hiyo ya soko huria kila mtu alikuwa anauza kitu. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye shirika la umma, na Kiingereza changu cha ofisini kilikuwa kimekaa bure. Ndipo ikasikika mtaani Mabatini kwamba jeshi moja la kigeni, lenye askari waliopiga kambi ng'ambo ya mpaka, linanunua matunda Mwanza na kuyapeleka kwa ndege. Mama alikuwa na kibanda cha maembe hapo Mabatini tangu niko shule ya msingi. Dalali akamfikisha kwa wanunuzi, wakakubali kujaribu mzigo mmoja. Ukipita, atapeleka kila wiki msimu mzima. Mama aliposikia hiyo "kila wiki", alimwachia mwanamke mwingine kibanda siku ile ile. Nilimwambia asubiri kwanza. Akasema nina roho ya ofisini.

Maembe tuliyafuata Kisesa, kwa watu wa ukoo wake. Aliyabonyeza kwa dole gumba, akayanusa kwenye kikonyo, na lililomtia wasiwasi akaliweka kando. Sijaona tena maembe mazuri kama yale, na nimelelewa kwa maembe. Ila yalikuwa na utomvu na vumbi la shambani, na mama asingeyafikisha hivyo kwa wageni. Kabla ya kufika uwanja wa ndege akamwambia dereva wa pikapu tuliyokodi asimame ufukweni. Tukayaosha yote ziwani, tukayafuta kwa kanga safi, tukayapanga kwenye makreti. Yaling'aa. Nisiseme uongo, hata mimi nilijivuna.

Mkaguzi alikuwa mwanajeshi kijana, mpole, pua imebabuka kwa jua. Alikata embe moja, hakukuta funza, akaitikia kwa kichwa. Kisha akapitisha mkono ndani ya kreti mpaka chini, na glavu ikatoka imelowa. Akaniuliza yameoshwa kwa maji gani. Mama alielewa kwa kuuangalia tu ule mkono, akanyoosha kidole kuelekea ziwani, uso umechangamka kama mzazi aliyesifiwa mtoto.

"Mwambie ya ziwa. Mwambie tumeyasugua moja moja."

Nikamwambia. Kijana akavua glavu. Alieleza taratibu, bila dharau, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Maji ya ziwa yana vijidudu vya maradhi ya tumbo. Matunda yaletwe makavu, kama yalivyotoka mtini, wao wenyewe watayaosha kwa maji yenye dawa. Yaliyogusa ziwa hayapandi ndege, na muuzaji ambaye mzigo wa kwanza umekataliwa hapewi nafasi ya pili. Nikabisha. Nilimwambia hakuna mtu aliyetueleza hayo. Akakubali kwamba hakuna aliyetueleza, na uamuzi wake ukabaki pale pale.

Mama alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho. Nilitegemea apandishe hasira, maana mimi yangu ilikuwa imeshapanda. Akauliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida.

"Muulize, na sisi tunaoyanywa?"

Nilimuuliza. Akalitazama ziwa, akatutazama sisi, akajibu kidogo kidogo.

"Anasema yeye amekabidhiwa afya ya askari tu," nikamwambia mama.

"Haya," akasema. Akainama kushika kreti upande mmoja, dereva wa pikapu akashika upande wa pili.

Maembe tuliyashusha uani. Kibandani Mabatini palikuwa na mtu mwingine. Mama aliwasha jiko, akabandika sufuria ya maji ya kunywa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akakaa kwenye kigoda kuyangoja yachemke. Yalipoanza kutoa mvuke akaniuliza, bila kunitazama, kama ndiyo yaliyomuua mdogo wangu. Mdogo wangu alikufa kwa kuharisha, kabla hajaanza kutembea.

Nilimwambia sijui. Nilikuwa nalia.