Minazi Mwisho wa Njia ya Ndege

Nilisoma shule ya msingi tu, na mpaka leo naandika polepole. Mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika katikati. Kuzungumza nako kulinishinda. Wageni wakija, nilijificha jikoni.

Shamba letu lilikuwa kaskazini ya Moroni, ukishapita Itsandra, pale njia ya ndege inapoishia. Lilikuwa na minazi kumi na mmoja na mshelisheli mmoja. Mama alipofariki, tuliishi kwa shamba hilo: shelisheli tulizila wenyewe, nazi baba alizipeleka sokoni Volo Volo.

Zama hizo mamluki wa kizungu ndio waliokuwa na neno la mwisho nchini. Ndege yao ya mizigo ilikuja kutoka mbali kusini bila kutua popote. Ilikuwa na injini nne, na mkia wake ulifunguka kwa chini, yakateremka magari ya kijeshi na madereva wakiwa wamekwisha kaa. Ikipita juu yetu, mabati yalitetemeka, na kuku hawakutaga mpaka kesho yake. Kisha tukasikia inakuja nyingine, kubwa zaidi, na minazi yetu iko kwenye njia yake. Wenye ndege kule kusini walitaka karatasi ionyeshe kwamba mwenye shamba amekubali ikatwe.

Mzungu mmoja mwenye ndevu akaja na karatasi hiyo, pamoja na askari wa kutoka Mvouni aliyekuwa mkalimani wake. Wakamfuata baba. Hilo ndilo kosa walilofanya. Kwetu kisiwani Ngazidja shamba kama lile huitwa manyahuli: hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanamume hula matunda yake, lakini haliuzi wala halitoi. Tena baba ni mtu wa Mutsamudu, alikuwa kuli wa bandari kule, akaja kuoa huku. Majirani walikuwa bado wanamcheka matamshi yake.

"Mzee, tia sahihi hapa," mkalimani alisema.

Baba hakuipokea kalamu. "Mwanangu, mimi mgeni hapa."

"Mgeni wa miaka ishirini?"

"Hata arobaini. Mwenye shamba yuko jikoni."

Mkalimani akachungulia. "Huyu? Huyu hata salamu hajibu."

Nilitoka na majivu mikononi. Nikajifuta kwenye kanga, nikaichukua kalamu, nikakaa kizingitini. Niliandika kama ninavyoandika siku zote, herufi moja, halafu nyingine. Mzungu alitazama saa yake. Mkalimani akasema, "Bibi mdogo, watu wanachinja ng'ombe wakamaliza, wewe bado jina lako tu."

Sikuandika jina langu. Niliandika: Sikubali. Ardhi hii ni ya mama zangu.

Mkalimani alisoma kimya, akasoma tena. Alipomfasiria mzungu, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yangu.

Walimchukua baba wakamweka kambini. Kila asubuhi mkalimani alirudi na karatasi mpya. "Tia sahihi, baba yako arudi." Siku ya kwanza nililia mbele yake. Siku ya pili nililia alipoondoka. Siku ya tatu niliendelea kukuna nazi, na mkono haukusimama mpaka alipochoka kungoja.

Jioni hiyo walimwachia baba bila sahihi yangu; alirudi mdomo umevimba. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Ungetia sahihi, ningerudi Mutsamudu kwa miguu."

Mutsamudu iko kisiwa kingine. Tulicheka, ingawa yeye kucheka kulimuuma.

Minazi waliikata hata hivyo, minne, kwa msumeno wa injini, bila karatasi; wenye ndege waliambiwa nini, sijui. Ndege kubwa ikaja. Nilisimama kwenye kisiki nikaitazama inavyoshuka, sikuziba masikio. Kwa mara ya kwanza sikutaka kwenda jikoni. Nilitaka rubani, kama anaona chini, aone kuna mtu.

Miaka ikapita, ikaja siku ambayo ndege ya namna ileile iliwapakia mamluki wenyewe, wamefukuzwa nchini. Waliingia mkiani, palepale walipokuwa wakiteremshia magari. Ikapita juu ya visiki, mabati yakatetemeka, ikapotea kusini.

Wiki hiyo mimi na dada zake mama tuling'oa visiki. Kwenye mashimo yaleyale tukatia nazi nne zilizokwisha chipua. Mkalimani hakupata nafasi kwenye ndege. Alipita barabarani amevaa shati la kawaida, akasimama.

"Bweni," aliniita, kama anavyoitwa mwanamke wa heshima, "ukipanda hapo ndege zitakazokuja zitakosa njia."

"Zitafute njia nyingine," nilisema, nikaendelea kufukia.